Farasi ni farasi tu: wimbo wa mapadre wawili uliopata sifuri ukapendwa

Sikio la Mswahili likisikia wimbo wa mnyama huanza kumtafuta mtu. Njiwa akitumwa, tunauliza anatumwa kwa nani. Tunda likisifiwa utamu, tunatazamana, maana tunajua si tunda linalosemwa. Taarab na mashairi ya mafumbo ndivyo vilivyotufundisha kusikiliza. Kwa hiyo mara ya kwanza nilipousikia wimbo wa Kiingereza uitwao "My Lovely Horse", yaani farasi wangu mzuri, niliusikiliza kwa masikio hayohayo. Nikamtafuta mchumba ndani ya yule farasi. Nikaurudia mara ya pili, na ya tatu. Mchumba hakutokea. Farasi alibaki na kwato zake, mkia wake, na daktari wake wa meno.

Watu wengi wanaufahamu wimbo huu kwa kipande kidogo tu kinachozunguka mitandaoni, kisha kila mmoja anausimulia kivyake. Wapo wanaodhani uliwahi kushindana kweli. Wapo wanaodhani ni wimbo mbaya. Wapo wanaoutaja kama ushahidi kwamba Ireland ilikuwa ikishindwa makusudi kwenye mashindano ya nyimbo ya Ulaya. Mambo hayo matatu yamefungana fundo moja, nalo linafunguka vizuri ukianzia mahali wimbo ulipozaliwa.

Ulizaliwa ndani ya Father Ted, vichekesho vya televisheni kuhusu mapadre watatu wa Kikatoliki wanaoishi nyumba moja katika Craggy Island, kisiwa cha kubuni nje ya pwani ya magharibi ya Ireland. Wamepelekwa huko kwa sababu kila mmoja alifanya jambo ambalo askofu angependa lisionekane. Dermot Morgan aliigiza Padre Ted Crilly, mtu mwenye njaa ya umaarufu. Ardal O'Hanlon alikuwa Padre Dougal McGuire, kijana mwenye moyo safi ambaye hata imani anayoihubiri haielewi. Frank Kelly alikuwa Padre Jack, mzee mlevi wa kitini, na Pauline McLynn alikuwa Bi. Doyle, mtunza nyumba anayekulazimisha chai mpaka unywe. Waandishi walikuwa Waairishi wawili, Graham Linehan na Arthur Mathews, na vichekesho vilirushwa na Channel 4 ya Uingereza kuanzia 1995 hadi 1998. Sehemu zote ni 25 tu. Kwa kazi inayotajwa hadi leo kila Waairishi wanapokutana, hiyo ni idadi ndogo sana.

Wasomaji wa Kenya wana mlango wao wa kuingilia hadithi hii. Kwa wengi, Mwairishi wa kwanza kumjua alikuwa padre au sista: Masista wa Loreto walifika nchini mwaka 1921, na mapadre wa Roho Mtakatifu kutoka Ireland walifungua shule ya St. Mary's jijini Nairobi mwaka 1939. Aliyewahi kusimama mbele ya meza ya padre mwalimu mkuu, akingoja hukumu, ataelewa kwa nini Waairishi walicheka mpaka machozi kuwaona mapadre wakigombania kombe kama watoto.

Sehemu yenye wimbo huu inaitwa "A Song for Europe", na ilirushwa tarehe 5 Aprili 1996. Ted anasikia kwamba hasimu wake, Padre Dick Byrne wa kisiwa cha jirani, ameingia katika shindano la kutafuta wimbo utakaoiwakilisha Ireland kwenye Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya Ulaya. Wivu unamwasha. Anashika gitaa, anakaa na Dougal, wanakesha wakitunga. Kinachozaliwa ni nota moja inayogongwa bila huruma, huku wanaume wawili wakimwimbia farasi mapenzi mazito. Hata wao wanajua haifai. Ndipo inapopatikana santuri ya zamani ya Norway, na katika upande wake wa pili, ule usiopigwa na mtu, kuna tuni tamu ajabu. Wahusika wake wote wamekwisha kufa. Nani atajua? Wanaichukua tuni, wanaibandika kwenye maneno yao, na papo hapo tunaoneshwa ndoto yao: video kamili, mapadre wawili malishoni na farasi wao, saksafoni ikilia nyuma yao.

Siku ya shindano wanaingia kwenye lifti. Lifti inapiga muziki wa lifti. Ni ile tuni ya Norway.

Hawana la kufanya. Wanapanda jukwaani na utunzi wao wa kwanza, ule wa nota moja, na ukumbi unawatazama kwa kimya kizito. Padre Dick ameimba vizuri, ameshangiliwa. Lakini mtayarishaji wa shindano anawachagua Ted na Dougal, na kisa kinatuonesha sababu: Ireland imeshinda mara nyingi mno, na anayeshinda huandaa mashindano ya mwaka unaofuata kwa gharama zake. Safari hii wanahitaji wimbo usioweza kushinda kwa vyovyote. Na kweli, Ulaya inawapa sifuri.

Ukishakijua kisa, utaona kwa nini watu wanachanganyikiwa kuhusu uzuri au ubaya wa wimbo. "My Lovely Horse" ni nyimbo mbili. Ule uliopata sifuri ndani ya hadithi ni wa gitaa na nota moja. Ule unaoimbwa leo kwenye baa, harusini na viwanjani ni wa kwenye ndoto, wenye tuni "iliyoibwa", ambao ndani ya hadithi hakuna mtazamaji hata mmoja wa Eurovision aliyewahi kuusikia.

Napenda tukae hapa, maana siri ya wimbo imelala hapa. Farasi ni yuleyule na mapenzi ni yaleyale katika nyimbo zote mbili. Kilichobadilika sana ni lahani. Toleo la nota moja linachekesha mara moja, basi. Sijamsikia mtu akilipiga mluzi jikoni. Toleo la pili halichakai kwa sababu muziki wake hautanii hata kidogo. Unakwenda taratibu, unapanda pale moyo unapotaka upande, unashuka kwa upole. Ukimpigia mtu asiyejua Kiingereza atakwambia ni wimbo wa mapenzi, na hatakuwa amekosea. Halafu sikiliza maneno: mwimbaji anamwona farasi wake akikimbia shambani, manyoya ya vifundo vya miguu yakipepea kwa upepo, naye anatamani kummwagia vipande vya sukari, kuruka naye nyua, kumng'arishia kwato kila siku, na kumpeleka kwa daktari wa meno wa farasi.

Mtunzi wa kawaida wa vichekesho angeshindwa kujizuia. Angekonyeza jicho mahali fulani, angeweka neno chafu, au angemgeuza farasi awe mwanamke ili tucheke kwa fumbo. Hapa hakuna fumbo, na kicheko kinatoka kwenye huko kukosekana. Sisi tuliozoea kufumbua tunalichelewa jambo hili zaidi kuliko wengine, lakini tukilipata tunalipata vizuri: mtu huyu anampenda farasi. Anampenda kiasi cha kuwaza meno yake.

Aliyetengeneza muziki huo alikuwa Neil Hannon, kiongozi wa bendi ya The Divine Comedy, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini. Baba yake alikuwa askofu wa Kianglikana, kwa hiyo mapadre wa Kikatoliki wa televisheni walipewa sauti na mtoto wa askofu wa upande wa pili. Hannon ndiye aliyetunga pia tuni ya ufunguzi ya Father Ted, ambayo bendi yake iliitia maneno na kuiita "Songs of Love" katika albamu ya Casanova ya mwaka 1996. Ni mtunzi anayependa nyimbo zenye ala nyingi na hisia zisizoona haya, na mtu wa aina hiyo ndiye pekee angeweza kumtungia farasi bila kumdharau. Mwaka 1999 bendi ilipotoa wimbo wa "Gin Soaked Boy", "My Lovely Horse" uliwekwa kama wimbo wa ziada nyuma yake. Tuni iliyobuniwa kuwa ya upande wa pili wa santuri ikaishia upande wa pili kwelikweli.

Morgan naye hakuwa mgeni wa mambo haya. Miaka mingi kabla hajavaa kola ya Padre Ted alikuwa na wimbo wa kuchekesha, "Thank You Very Much, Mr. Eastwood", uliomwigiza bondia Barry McGuigan akimshukuru meneja wake kupita kiasi. Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Ireland wakati wa Krismasi ya 1985. Alijua vizuri kwamba mtu anaweza kuimba upuuzi kwa uso mkavu na taifa zima likamfuata.

Sasa tulifungue lile la kushindwa makusudi. Ireland ilishinda Eurovision mwaka 1992 kwa Linda Martin, 1993 kwa Niamh Kavanagh, na 1994 kwa Paul Harrington na Charlie McGettigan. Hakuna nchi nyingine iliyowahi kushinda miaka mitatu mfululizo. Ushindi wa tatu ulikuwa wa wanaume wawili wa makamo, mmoja kwenye kinanda na mwingine kwenye gitaa, bila okestra, na walipata pointi 226. Mtazamaji wa 1996 alipowaona Ted na Dougal na gitaa lao, picha hiyo ilikuwa bado mbichi kichwani mwake.

Kila ushindi ulimaanisha kwamba RTÉ, shirika la utangazaji la nchi ndogo, lilazimika kuiandalia Ulaya sherehe. Likaandaa 1993, 1994 na 1995. Kwenye magazeti na vilabuni mzaha ukaanza: haya, safari hii tuwatumie wimbo mbovu tupumzike. Mwaka 1995 Eddie Friel alipotoka wa 14, mzaha ukaanza kuchukuliwa kama habari. Father Ted ikaukuta unaelea hewani, ikaupa sura na uso, na tangu hapo watu wanaukumbuka kama jambo lililotokea.

Yaliyofuata yanaukataa. Tarehe 18 Mei 1996, wiki sita tu baada ya Ted kupata sifuri yake kwenye skrini, Ireland ya kweli ilishinda tena. Eimear Quinn aliimba "The Voice" jijini Oslo akapata pointi 162. Mwaka 1997, wakiwa wenyeji kwa mara nyingine, Waairishi walishika nafasi ya pili. Nchi inayokimbia ushindi haishiki nafasi ya pili. Wala uenyeji haukuwa hasara tupu: ngoma ya Riverdance, iliyozunguka dunia baadaye, ilianza kama burudani ya dakika saba ya kujaza muda wa kuhesabu kura huko Dublin, usiku wa tarehe 30 Aprili 1994.

Ireland ilipoanza kuporomoka kweli, wachawi walikuwa wengine. Kura za simu za watazamaji ziliingia mwishoni mwa miaka ya 1990 zikawapunguzia nguvu majaji. Mwaka 1999 ikafutwa kanuni iliyoilazimu kila nchi kuimba kwa lugha yake, na faida ya Waairishi ya kuimba Kiingereza kihalali ikayeyuka. Nchi mpya za mashariki ya Ulaya nazo zilikuja na nyimbo nzuri na majirani wa kuzipigia kura. Hakukuhitajika mtayarishaji mwenye hila.

Kuhusu Norway nina la kusema, kwa sababu inaonekana kama utani uliochaguliwa ovyo, na sidhani hivyo. Kwenye Eurovision, Norway ilikuwa kinyume cha Ireland. Ilikuwa imepata sifuri mwaka 1963, 1978 na 1981, ikaja kupata nyingine 1997, tena palepale Dublin. Kumwibia mshindi ni wizi. Kumwibia yule anayejulikana kwa kushindwa, wimbo wake usiosikilizwa, ni kujishusha hasa. Lakini nchi hizi mbili zilikuwa zimekwisha kufungana kwa namna nyingine. Norway ilishinda mwaka 1995, Dublin, kwa wimbo wa kundi la Secret Garden wenye maneno 24 tu, na fidla inayoubeba wimbo huo ilipigwa na Mwairishi, Fionnuala Sherry. Norway ikaandaa, Ireland ikaenda Oslo ikashinda. Na yule Jahn Teigen aliyepata sifuri Paris mwaka 1978 hakuzikwa na aibu: Wanorway walimpenda zaidi, na wimbo wake ukavuma nyumbani. Sifuri iliyogeuka mapenzi ilikuwa imekwisha kutokea kabla ya Ted.

Ireland yenyewe haijawahi kupata sifuri katika fainali. Iliwahi kumpeleka kikaragosi, hata hivyo. Mwaka 2008 wananchi walimchagua Dustin, bata mzinga wa televisheni ya watoto, akaimba Belgrade na kuishia nusu fainali. Jina la farasi wa Ted lilitajwa sana wiki hizo. Tofauti naiona kubwa. Dustin aliyakejeli mashindano, na mashindano yakamrudisha nyumbani. Wimbo wa Ted haukumkejeli mtu.

Morgan hakuyaona mengi ya hayo. Alifariki London tarehe 28 Februari 1998 akiwa na miaka 45, siku moja baada ya kumaliza kurekodi sehemu ya mwisho. Tangu 2007 mashabiki hukutana kila mwaka katika kisiwa cha Inis Mór kwa tamasha la TedFest, wamevaa kola za mapadre, na farasi huimbwa.

Tunarudi kwa farasi, maana kwa Waairishi yeye si kiumbe cha kubahatisha. Mtu wa pwani yetu akitaka mnyama wa kuimbia ana njiwa wake. Kwa wengi wao farasi ndiye aliye karibu. Tazama hata kumbi za Eurovision. Mwaka 1981 na 1988 mashindano yalifanyika kwenye viwanja vya RDS, Dublin, ambako maonesho makubwa ya farasi hufanyika kila mwaka. Mwaka 1993 yalipelekwa Millstreet, kijiji katika kaunti ya Cork chenye watu wapatao 1,500, ndani ya Green Glens Arena, ukumbi uliojengwa kwa ajili ya farasi. Mtangazaji mmoja wa Uingereza aliuita zizi la ng'ombe, ikabidi aombe radhi. Basi mara tatu kati ya saba ambazo Ireland imeandaa, Ulaya iliimba mahali palipozoea kwato.

Halafu uchumi ulipoanguka mwaka 2008, farasi waliangukiwa nao. Wakati wa neema watu wengi walinunua na kuzalisha farasi. Fedha zilipokatika, bei zikaporomoka, na kulisha farasi mmoja kukawa mzigo. Walionekana wametupwa kandokando ya barabara na viwanja visivyo na majani, mbavu nje. Mwaka 2011 kikaanzishwa kikundi cha kuwaokoa, na miongoni mwa waanzilishi alikuwa mwanamuziki Cathy Davey, mwenzi wa Neil Hannon. Walikiita My Lovely Horse Rescue.

Lingeweza kuwa jina la kuchekesha juu ya kazi ya huzuni, lakini halikuwa hivyo. Mwairishi akilisikia hutabasamu kwanza, kisha anajua mara moja watu hawa wanafanya nini. Kama ule wimbo ungekuwa fumbo, kama farasi angekuwa mtu, jina lisingefaa. Linafaa kwa sababu kila kitu anachoahidiwa yule farasi wa wimbo ni kitu anachokihitaji farasi wa kweli, ukiacha sukari, ambayo isizidi. Kwato zinataka kukatwa na kusawazishwa kila baada ya wiki sita hadi nane, la sivyo mnyama atachechemea. Manyoya marefu ya vifundoni, ambayo farasi wa Kiairishi wa mikokoteni wanayo mengi, yanataka kukaushwa na kukaguliwa, maana matope yakiganda humo ngozi huoza.

Na daktari wa meno yupo. Meno ya farasi huendelea kusukumwa juu maisha yake yote huku yakisagika kwa kutafuna, na yasiposagika sawasawa hutoa kingo kali zinazomkata shavu na ulimi. Aliyetupwa miaka miwili huja hivyo: majani yapo mbele yake, na hawezi kuyala. Kwa hiyo anaitwa mtaalamu, anafika na ndoo ya maji na tupa yenye mpini mrefu. Mmoja anashika hatamu. Kinywa kinafunguliwa kwa chuma maalumu, mkono unaingia mpaka kwenye magego, na tupa inaanza kukwaruza, huku farasi amesimama, ulimi umetokeza pembeni, akingoja amalizwe aende kula.